Borrow, lend, loan, rent, hire: lipi uchukue unapoazima, unapokopa na unapopanga

Mtu akikuambia "Niazime kalamu", kalamu inatoka kwako inakwenda kwake. Akisema "Nimeazima kalamu kwa dada", kalamu imetoka kwa dada imekuja kwake. Kitenzi ni kilekile, kuazima, na hakuna Mswahili anayepotea, kwa kuwa umbo la sentensi linatosha kuonyesha nani ametoa na nani amepokea. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mawili. "Borrow" ni la anayepokea. "Lend" ni la anayetoa. Anayefikiri kwa Kiswahili huku akisema Kiingereza hushika moja na kulitumia pande zote mbili, ndiyo maana "Borrow me your pen" inasikika madarasani na maofisini, kwa wenye shahada na wasio nazo.

Mwenzako wa Dar es Salaam au Mombasa atakuelewa na atakupa kalamu. Tatizo linakuja kwenye usaili wa kazi, kwenye mtihani, kwenye barua ya kwenda benki. Ukiandika "We borrowed them two million" ukikusudia kwamba nyinyi ndio mliotoa, msomaji anaweza kubaki akiamini kuwa nyinyi ndio mnaodaiwa. Hapo kosa limeshahama kutoka sarufi na kuingia kwenye fedha.

Na wala hili si la Waswahili peke yao. Wajerumani wana "leihen", kitenzi kimoja kinachotoa na kupokea. Wanorwei wana "låne", nacho ni hivyohivyo. Katika majimbo ya Marekani ya Wisconsin na Minnesota, ambako Wajerumani na Waskandinavia wengi walihamia katika karne ya 19, utamkuta mtu asiyejua lugha nyingine yoyote zaidi ya Kiingereza akisema "Borrow me a dollar". Kwa hiyo asikucheke mtu. Ila ukitaka Kiingereza kinachokubalika kila mahali, lazima ujue kuchagua.

Kipimo cha -sha

Dawa imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Ukiacha kuazima, vitenzi vyetu vingine vya kupeana kwa muda vinatenganisha pande mbili waziwazi: kukopa na kukopesha, kukodi na kukodisha, kupanga na kupangisha. Anayepokea anabaki na kitenzi kitupu. Anayetoa anaongezewa -sha. Kuazima ndiyo iliyokataa kufuata mkumbo, na ndiyo inayotuponza.

Basi kabla ya kufungua mdomo, toa kuazima, weka kukopa au kukopesha, kisha sikiliza lipi linakaa. "Niazime kalamu" inageuka "nikopeshe kalamu". Umesikia -sha, kwa hiyo ni "lend": "Could you lend me your pen?" Sasa chukua "Naomba kuazima kalamu yako". Inageuka "naomba kukopa". Hakuna -sha, kwa hiyo ni "borrow": "Could I borrow your pen?" Najua kalamu haikopwi. Kwa Kiswahili fasaha tunakopa kile tutakacholipa kwa kingine, na tunaazima kile kitakachorudi chenyewe. Haidhuru, maana hapa hatupimi kitu, tunapima upande.

Kipimo hiki kinafanya kazi hata sentensi ikiwa ndefu. "Jirani alituazima ngazi tukapakia rangi ukuta wa nyuma": alitukopesha, kuna -sha, "Our neighbour lent us a ladder". "Tuliazima ngazi kwa jirani": tulikopa, "We borrowed a ladder from our neighbour". Tukio ni moja, ngazi ni moja, na sentensi zote mbili ni sahihi. Kinachobadilika ni nani umemtanguliza.

Angalia pia vile viunganishi vidogo, maana hapo ndipo mwalimu anapokata alama. "Borrow" inataka "from". Kiswahili kinasema "kwa jirani", na "kwa" yetu inabeba mambo mengi, ndiyo maana wengine huandika "borrowed to my neighbour". Hapana. Kitu kinatoka kwake, kwa hiyo "from". "Lend" nayo ina njia mbili: unaweza kutaja mtu kwanza, "lend me the ladder", au kitu kwanza, na hapo "to" inahitajika, "lend the ladder to me". Ukitumia "it" badala ya ngazi, chukua njia ya pili: "lend it to me".

Halafu kuna adabu, na hapa naomba tuende polepole kidogo. "Niazime" yetu inaishia na -e, inasikika kama ombi hata bila kuongeza neno. Mtoto anaweza kumwambia mama mdogo "Niazime mkasi, mama" na hakuna aliyekosewa heshima. "Lend me your scissors" kwa Kiingereza ni amri. Isipoongezewa "could you" au "please", sikio la Mwingereza linaikuta ngumu. Wenyeji wa lugha hiyo wanapoomba hupendelea kujitanguliza wenyewe: "Can I borrow…?" Mimi humshauri kila anayeanza ashike kauli hiyo moja kwanza. Kalamu, mwavuli, chaja, baiskeli, kitabu: "Can I borrow your charger?" Ukiijua hiyo, "lend" unaweza kuiacha hadi siku utakapohitaji kusema kwamba wewe ndiye uliyetoa.

Siku hiyo ikifika, kumbuka wakati uliopita ni "lent". "Lended" haipo. "Borrow" inakwenda kawaida, "borrowed". Ukikutana na "Lent" yenye herufi kubwa katikati ya sentensi, hiyo ni Kwaresima, haina uhusiano na mikopo.

Nayo kauli ya kutendwa ina mtego wake. "Nilikopeshwa laki tano" ni "I was lent five hundred thousand". Ukisema "I was borrowed", umejigeuza kitu kilichochukuliwa na mtu kwa muda. Ingawa maofisini Waingereza wana msemo "Can I borrow you for a minute?", kwa maana ya "naomba dakika yako moja", na ukiusikia usishtuke.

Dukani, "borrow" haifanyi kazi

Hapa kipimo cha -sha kinafika mwisho wake, na ni vizuri ujue mapema.

"Nimekopa sukari dukani." Mswahili anaelewa: amechukua sukari, jina limeandikwa daftarini, atalipa mwisho wa mwezi. Ukitafsiri "I borrowed sugar from the shop", Mwingereza ataelewa kwamba umechukua kilo ya sukari na baadaye utarudisha kilo ya sukari. Hiyo ndiyo maana ya "borrow" kwa kitu kinacholiwa: jirani amekupa unga, kesho utampelekea unga. Ya dukani ni "I bought it on credit" au "I got it on credit". Vivyo hivyo kwa mama anayekopesha vitenge na kupita kukusanya fedha kila mwisho wa mwezi. Yeye "sells on credit". Hajamwazima mtu kitenge. Amekiuza, bado hajalipwa. Na lile bango la dukani la "Hatukopeshi" kwa Kiingereza ni "No credit". Ukiandika "We don't lend", mteja atajiuliza kama duka hilo ni benki.

Kwa upande mwingine, "borrow" inameza tofauti ambayo sisi tunaitunza sana. "Nguo ya kuazima haisitiri matako" na "Kukopa arusi, kulipa matanga" ni methali mbili zenye vitenzi viwili tofauti. Kwa Kiingereza zote zitachukua "borrow". Nguo ile itarudi yenyewe. Fedha ile imeshatumika, itarudi nyingine. Kiingereza hakijali mwanzoni. Kinajali mwishoni. Ukiazima ngazi utasema "I'll return it" au "I'll give it back". Ukikopa fedha utasema "I'll pay you back" au "I'll repay you". Kwa hiyo tofauti ya kuazima na kukopa haikupotea. Imehamia kwenye kitenzi cha kurudisha. Anayesema "I will return your money" anaeleweka, lakini inasikika kama muuza duka anayerudishia mteja hela baada ya bidhaa kukutwa mbovu.

Jambo la mwisho hapa: "borrow" inataka kitu kinachoondoka na mtu. Simu ya mkononi inaondoka, hata kama ni hatua tatu tu: "Can I borrow your phone?" Choo hakiondoki. Meza iliyojengewa ukutani haiondoki. Kwa hivyo ni "Can I use your toilet?" na si "borrow". Kiswahili kinakubaliana nalo, maana nasi tunasema "naomba kutumia choo".

"Loan": ni jina, au ni kitenzi pia?

"Loan" kama jina haina ubishi. Ni mkopo. Unaomba, "apply for a loan". Unapata, "get a loan". Unachukua, "take out a loan". Unalipa hadi unamaliza, "pay off a loan". Usiseme "borrow a loan", ingawa sisi tunasema "kukopa mkopo" bila taabu. Unakopa fedha, "borrow money", au unachukua mkopo, "take a loan".

Ubishi uko kwenye kitenzi. Marekani, "Can you loan me ten dollars?" ni Kiingereza cha kila siku. Uingereza, wahariri wengi hukifuta na kuweka "lend". Kitenzi hicho hakikuzuliwa na Wamarekani. Kilitumika Uingereza karne nyingi zilizopita, kikavuka bahari na wahamiaji, kikaendelea kuishi huko wakati kwao kikififia. Shule za Tanzania, Kenya na Uganda zimefuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo mwanafunzi wa huku aandike "lend". Anayeishi Ohio au Texas anaweza kusema lolote kati ya hayo mawili na hakuna atakayegeuza shingo.

Kuna sehemu moja ambako hata Waingereza wamekubali "loan" kama kitenzi: pale kitu chenye thamani kinapotolewa kwa mkataba maalumu. Makumbusho huazimana michoro na vinyago, na klabu huazimana wachezaji. Mbwana Samatta alipotoka Aston Villa kwenda Fenerbahçe mwezi Septemba 2020, watangazaji wetu walisema amekwenda kwa mkopo. Magazeti ya Kiingereza yaliandika kwa namna hii: "Samatta joined Fenerbahçe on loan". Ukimtanguliza aliyetoa, "Villa loaned Samatta to Fenerbahçe". Husikii "Fenerbahçe borrowed Samatta". Mchezaji ana mshahara, ana mkataba na ana ridhaa yake, na "borrow" inamshusha hadi kuwa sawa na ngazi ya jirani. Napenda sana kwamba Kiswahili cha michezo kilichagua "mkopo" na kikaiacha "kuazima" kwa vitu.

Usiipeleke "loan" kwenye mambo yasiyoshikika. Kusaidia ni "lend a hand", kumtegea mtu sikio ni "lend an ear", kuongeza nguvu ya hoja ni "lend weight". Hapo "loan" haingii hata Marekani. Nayo "borrow" ina kazi yake kwenye lugha: Kiswahili "borrowed" neno meza kutoka Kireno na kitabu kutoka Kiarabu, na Kiingereza kikachukua safari kutoka kwetu. Neno la namna hiyo huitwa "loanword", na hakuna anayedaiwa.

"Rent", "hire", "let": sasa Kiingereza ndicho kinachochanganya

Tumezoea kuona Kiswahili kama ndicho chenye upungufu. Tugeuze upande.

Sema "She rents a house in Kinondoni". Je, yeye ndiye mpangaji au mwenye nyumba? Huwezi kujua. "Rent" inafanya kwa Kiingereza kilekile kinachofanywa na kuazima kwa Kiswahili: inatoa na inapokea. Mswahili hana shida hiyo, anasema amepanga au anapangisha na mambo yameisha. Mwingereza akitaka kuwa wazi anaongeza neno: mwenye nyumba "rents out" na mpangaji "rents from". Ukiandika barua rasmi, tumia nyongeza hizo kila mara, hasa kama wewe ndiye unayepangisha.

Lipo pia "let", na hili linasimama upande mmoja tu, wa mwenye mali. Ndilo lile lililo kwenye mabango ya "To Let" juu ya majengo ya Nairobi na London. Marekani bango lile linasomeka "For Rent". Kosa ninalolikuta ni la mpangaji anayeandika "I have let a room near the university". Amesema kwamba yeye ndiye mwenye chumba. Alitakiwa kuandika "I have rented" au "I am renting".

Kwa "hire", jiografia ndiyo inayoamua. Kiswahili kinatenganisha kupanga na kukodi: nyumba na chumba vinapangwa, gari, viti, maturubai, ukumbi wa sherehe, baiskeli na boti vinakodiwa. Kiingereza cha Uingereza kinakaribiana sana na mgawanyo huo. Nyumba unai-"rent", gari na viti vya harusi unavi-"hire". Kwenye viwanja vya ndege vya Uingereza utaona "Car Hire". Marekani wamefuta mpaka huo, kila kitu ni "rent", na kibao kinasema "Car Rental". Huko "hire" wameibakiza kwa watu: kuajiri. "They hired three drivers" kwa Mmarekani ina maana moja tu, madereva wameajiriwa au wamechukuliwa kwa kazi fulani. Waingereza nao siku hizi wanaitumia kwa kuajiri, pamoja na "employ" na "take on". Kwa hiyo ukiwa huna uhakika msomaji wako anatoka wapi, "rent" kwa vitu na "hire" kwa watu ni chaguo salama. Chombo kizima kikikodiwa kwa safari moja, kama ndege au basi la kwenda msibani, neno lake ni "charter".

Kuna mambo mawili yanayowaumiza wapangaji wetu hasa. Moja ni neno kodi. Tunalipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba na tunalipa kodi serikalini, kwa neno moja. Kiingereza kina "rent" kwa ya kwanza na "tax" kwa ya pili. "I paid house tax for six months" inamfanya msomaji adhani ulikwenda kulipa serikalini, wakati ulimkabidhi baba mwenye nyumba fedha ya miezi sita. Andika "I paid six months' rent in advance". La pili ni matamshi. Wapo wengi miongoni mwetu ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l, na ulimi huteleza bila wao kujua. Kwenye maneno haya utelezi huo unagharimu: "I rent it" inamaanisha nakilipia, "I lent it" inamaanisha nilikitoa. Kama ni wewe, ongeza kiambatanisho kinachokulinda. "I rent it from him", "I lent it to him". Hata r ikiteleza, "from" na "to" zitamwongoza anayekusikiliza.

"Owe", na kwa nini "demand" ni hatari

Mkopo ukishatolewa, kinachobaki ni kudaiana, na hapa sentensi nzima inabidi igeuzwe.

Kwa Kiswahili, anayetangulia kutajwa mara nyingi ni mwenye fedha. "Nakudai elfu ishirini." "Fundi ananidai." Kiingereza kinamtanguliza mwenye deni: "You owe me twenty thousand." "I owe the carpenter some money." Anayefuata mpangilio wa Kiswahili anatafuta kitenzi cha kudai, anakikuta "demand", na anasema "I demand you twenty thousand". Nimeisikia kwa watu wapole kabisa, waliotaka kukumbusha kwa upole. Lakini "demand" ina ukali wa mtu aliyesimama akigonga meza. Rafiki yako unayemkumbusha atadhani urafiki umekwisha.

Njia ni kujiuliza nani atalipa, kisha umweke huyo mwanzoni mwa sentensi. "Ananidai": nitalipa mimi, "I owe him". "Tunamdai": atalipa yeye, "She owes us". "Nadaiwa" bila kutaja mtu ni "I'm in debt". Nayo kauli yetu ya "anadai kwamba alishalipa" haihusiani na deni hata kama inazungumzia deni. Hiyo ni "He claims he has already paid".

Ukitaka kumkumbusha mtu kwa heshima, Kiingereza kinapenda kuzunguka kidogo, kama nasi tunavyozunguka. Sisi tutaanza na salamu, tutauliza watoto, kisha "ndugu yangu, ile hela yetu vipi?" Wao wataandika "Just a reminder about the money I lent you in March". Ona "lent" imekaa hapo: wewe ndiye uliyetoa. Wengine huandika "the money I borrowed you", na mdaiwa mjanja anaweza kujibu kwamba hapo imeandikwa wewe ndiye uliyekopa.

Mkataba unapokuja kwa Kiingereza

Mpaka hapa tumezungumza maneno ya mdomoni. Kwenye karatasi, pande hizi mbili zinapewa majina, na anayetia saini bila kuyajua anahatarisha mali yake.

Rahisi ni "lender", mkopeshaji, na "borrower", mkopaji. "Creditor" ni mdai, "debtor" ni mdaiwa. Katika mikopo ya elimu majina yanabadilika kidogo kwa nchi. Kenya, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanzishwa 1995 humwita mwanafunzi "loanee". Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, hupendelea "beneficiary", ambaye kwa Kiswahili wamemwita mnufaika. Neno la mnufaika ni zuri masikioni, ila usisahau kwamba kisheria huyo ni mkopaji na anatakiwa kulipa. "Loanee" utalielewa Nairobi; ukiandikia chuo cha nje, andika "borrower".

Kwenye nyumba na ardhi, Kiingereza cha sheria kinatumia mwisho wa neno kama sisi tunavyotumia -sha. Anayeishia na "-or" ndiye anayetoa, anayeishia na "-ee" ndiye anayepokea. "Lessor" ni mpangishaji, "lessee" ni mpangaji. Kwenye mikataba ya kawaida ya chumba utawakuta kwa majina yao ya mtaani, "landlord" na "tenant".

Sasa tazama "mortgagor" na "mortgagee", maana hapa watu wengi huangukia upande usio wao. Umekwenda benki, umekopa, umeweka hati ya nyumba. Benki imekupa fedha, kwa hiyo ungetegemea benki iwe "-or". Ni kinyume. Kinachohesabiwa katika neno hilo ni rehani, wala hazihesabiwi fedha. Rehani imetolewa na wewe, mwenye nyumba, kwa hiyo wewe ndiye "mortgagor". Benki imeipokea rehani, kwa hiyo yenyewe ni "mortgagee". Karatasi ileile inaweza kukuita "borrower" ukurasa wa kwanza kwa sababu ya fedha ulizopokea, na "mortgagor" ukurasa wa tano kwa sababu ya nyumba uliyoitoa, na wote wawili ni wewe.

Kabla ya kutia saini, chukua penseli, na pembeni ya kila jina la aina hiyo andika kwa Kiswahili: anatoa nini, anapokea nini. Ukikuta jina usiloweza kuliandikia hivyo, muulize ofisa alieleze kwa Kiswahili mbele yako, na usione haya, kwa sababu anayeweka nyumba ni wewe. Fanya vivyo hivyo kama ndugu yako amekuomba uwe "guarantor". Huyo ni mdhamini. Hakukopa na hakukopesha, hana "borrow" wala "lend" popote kwenye karatasi, lakini mkopaji akishindwa kulipa, barua itakayofuata itakuja kwa jina lake.